Vunjajungu Kwenye Filamu ya Harusi

Vunjajungu yule alikuwa amening'inia kichwa chini kwenye jani la mstafeli, nyuma ya nyumba, naye Faki Boga amepiga magoti kwenye umande na kikoi chake, haendi mbele wala harudi nyuma. Kwa muda mdudu hakufanya lolote ila kutetemeka. Kisha ngozi ikapasuka mstari mmoja nyuma ya shingo, mithili ya mshono wa kanzu iliyombana mtu mnene, na ndani pakachungulia kitu cha kijani changa, kibichi, chenye macho.

Faki aliinuka. Alikuwa na miaka hamsini na minne na goti bovu, lakini Mtongwe mpaka leo husemwa kwamba kati ya ule mstafeli na mlango wa nyumba hapakuonekana hata unyayo wake mmoja siku ile. Ndani, mkewe Mwanatabu alikuwa amelala fofofo, amerudi alfajiri kutoka harusini alikokwenda kupiga picha. Kamera yake, Zenit nzito kama tofali, ilikuwa juu ya kabati. Faki akaiteremsha kwa mkanda, akatoka nayo.

Haja ya picha ilikuwa hii. Wiki iliyopita, kwenye shule ya msingi anakofyeka nyasi na kulinda lango, aliwaambia watoto wa darasa la tano kwamba vunjajungu huvua ngozi yake nzima, na kucha, na kifuniko cha macho, akaiacha imetundikwa mahali kama kanzu. Watoto wakacheka. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni Mwalimu Elkana, naibu wa mwalimu mkuu, kuwaambia watoto, "Huyu ndiye aliyempanda papa kutoka Shelly mpaka Kilindini." Na kweli Faki alikuwa amesema hivyo, na la papa lilikuwa uongo. Lakini la vunjajungu lilikuwa kweli, na hakuna mtu mwenye taabu duniani kama mwongo aliyebeba jambo la kweli. Ni Mwalimu Dishon peke yake, wa sayansi, Mkamba mpole, aliyemvuta kando akamwambia, "Mzee Faki, mimi nakuamini. Lakini nipatie picha, niibandike ukutani, tumalize maneno."

Picha ya kwanza aliipiga kichwa kikiwa kimekwisha kutoka. Alifanya kama alivyomwona mkewe akifanya miaka yote: akashusha pumzi, akazungusha lenzi mpaka kingo za mdudu zikatulia, akabonyeza. Ya pili aliingoja. Vunjajungu alikuwa akiivuta miguu yake mirefu kutoka ndani ya ngozi, mmoja mmoja, kama mtu anayevua shati lililolowa, naye ameshikiliwa na ncha ya tumbo tu. "Taratibu, bwana," Faki alijikuta akimwambia. "Taratibu, hapana anayekufukuza." Akabonyeza. Ya tatu ndiyo yenyewe: mdudu mpya, mabawa yamekunjana kama leso iliyokamuliwa, amegeuka ameishika ngozi yake kuukuu kwa mikono miwili, wanatazamana uso kwa uso.

Alipotaka ya nne, mtambo ukagoma. Filamu imekwisha. "Siku hizi filamu fupi kama mishahara," Faki akasema, akakizungusha kile kishikio kidogo cha kurudishia filamu, akaifungua kamera kwa nyuma, akaitoa. Mwalimu Dishon alikuwa anapita njiani na baiskeli, anakwenda Likoni kupiga picha ya kipande, ile ya kitambulisho.

"Nipe mimi nikupelekee kwa Gershom," Dishon akasema. "Yeye huzitoa kwa saa mbili. Mchana ukutani."

Faki akampa.

* * *

Mwanatabu aliamka saa tatu, akanawa uso, akaishika kamera. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na vidole vyake vilikuwa vya hudhurungi kwenye ncha kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Alikigusa kile kishikio kidogo. Kikazunguka bure.

"Faki."

"Abee, mke wangu."

Faki hakuwa na desturi ya kuitika abee. Mwanatabu akageuka akamtazama vizuri.

"Filamu iliyokuwa humu iko wapi?"

"Ile ya shule? Mwanatabu, kaa nikueleze. Leo nimeona jambo—"

"Filamu gani ya shule?"

"Si ile mpya uliyotia ya picha za vitambulisho vya shule? Za harusi nilikuona mwenyewe ukizitia sandukuni ukafunga."

Mwanatabu akaketi kitandani. Kwenye sherehe ya kupamba, wanawake huacha mabuibui mlangoni. Ndani ni nywele na mikono na vifua vya dhahabu, na bibi harusi amewekwa juu ya jukwaa atazamwe na wanawake wenzake, na hapana mwanamume anayekanyaga, hata wa kubeba viti. Picha za rangi zilikuwa zinapatikana mjini kwenye mashine, lakini mashine zilisimamiwa na wanaume. Ndiyo maana nyumba zenye kushika mambo, kuanzia Mtongwe hadi Kisauni, zilikuwa zikimwita Mwanatabu na picha zake za nyeusi na nyeupe, ambazo alizisafisha mwenyewe kwenye stoo iliyozibwa madirisha kwa magunia. Sharti lake lilikuwa moja: tangu kamera mpaka karatasi, halipiti jicho la mwanamume. Kwa neno hilo nyumba yake ilikula miaka kumi na miwili. Mshahara wa Faki ulitosha chumvi na viberiti.

Jana usiku alikuwa amepiga filamu nne. Tatu alizifungia kwenye sanduku la leso. Ya nne ilikuwa imebakisha picha tatu, naye akasikitika kuzitupa, akaiacha ndani ya kamera ampige nazo bibi harusi akiondoka kwenda kwa mumewe.

"Faki," akasema polepole, "ndani ya filamu hiyo mna bibi harusi mwenyewe, Mwanakheri binti Mwidani, hana hata ushungi. Mna mamake. Mna shangazi zake wanne wanacheza chakacha wamefunga leso kiunoni. Mna bibi yake, Bi Mwanasaumu, ambaye hata daktari hajapata kuuona unywele wake. Umempa nani?"

Faki alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu waoane haukutoka uongo wowote.

"Mwalimu Dishon. Amepeleka kwa Gershom."

"Kwa Gershom," Mwanatabu akasema. Gershom alikuwa mwanamume mwenye studio karibu na feri, na kwa miaka alikuwa akimwambia kila mtu kwamba wanawake wa pwani wanapigwa picha na mpishi. "Umepiga nini kwenye zile tatu?"

"Vunjajungu. Anavua ngozi."

Mwanatabu akamtazama mumewe, si kwa hasira. Kama mtu anayetazama bei ya kitu asichoweza kununua.

"Nilikwambia mdudu huyo si wa kuchezewa. Wazee wetu walisema huvunja vyungu. Leo havikuvunjika vyungu, imevunjika nyumba." Akavaa buibui, akatoka.

* * *

Hazikupita dakika ishirini, Bi Mwanasaumu akabisha hodi. Alikuja mwenyewe kwa miguu, mzee wa miaka sabini na tano, mnene, ndani ya buibui, amefuatana na harufu ya udi wa jana. Hakuwa mtu wa kutuma.

"Shikamoo, Bi Mwanasaumu."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Nitamngoja. Watu wa Lamu, upande wa bwana harusi, wanaondoka na basi la saa tisa, na mkwe wetu mwanamke ataka japo picha moja ya kwenda nayo. Na zile zangu nataka nizione kabla hajaziona mwengine. Nasikia nilicheza."

Akaketi kwenye kiti cha Faki. Faki akasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa ofisini. Angeweza kusema kwamba mkewe amekwenda kununua karatasi. Angeweza kusema kuwa ameitwa msibani Mtopanga; maneno hayo alikuwa nayo tayari, na hata jina la maiti alikwisha kulitunga. Lakini macho ya mkewe alipokuwa anavaa buibui yalikuwa bado mbele yake, na Faki akaona kwamba uongo mmoja zaidi utakuwa kama kumwibia mara ya pili.

"Bi Mwanasaumu," akasema, "nitakwambia kweli. Leo asubuhi nimemwona vunjajungu anavua nguo."

"Enhe," Bi Mwanasaumu akasema, akijitengeneza kitini.

"Nikachukua kamera ya Mwanatabu nimpige picha. Kumbe ndani mna filamu yenu. Nikampa mwalimu Mkamba, akaichukua kwa baiskeli mpaka kwa Gershom ikasafishwe. Mke wangu amekimbia kuifuata. Wallahi hivyo ndivyo."

Bi Mwanasaumu alimtazama. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu kiti nacho. Akacheka mpaka akatoa leso akafuta macho, akashika ubavu.

"Anavua nguo," akasema. "Vunjajungu. Na alivaa nini huyo, suruali ama kikoi?"

"Bi, ni kweli."

"Na Mkamba na baiskeli. Faki, Faki. Papa wako wa Kilindini nilimpenda, lakini huyu amempita. Waitunga lini yote haya, ukifyeka?"

"Naapa kwa—"

"Usiape, wanichafulia uongo mzuri. Hebu nianzie tena hapo kwa nguo. Alianzia wapi, kifuani ama miguuni?"

Na Faki akamwelezea yote tangu mwanzo: mpasuko wa shingoni, miguu iliyovutwa kama kutoka kwenye mikono ya shati, mabawa yaliyokunjana. Hakuongeza hata unywele. Bi Mwanasaumu akacheka katika kila kituo, akasema tangu kufa kwa marehemu mumewe hajapata burudani kama ile.

* * *

Gershom alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa tai, anakata picha za vipande kwa mkasi.

"Ooh, fundi wa akina mama," akasema alipomwona Mwanatabu. "Umeishiwa dawa?"

"Mwalimu Dishon ameleta filamu. Imeletwa kwa makosa. Ni yangu."

"Aliyeleta ni mwalimu, risiti ni ya mwalimu. Mimi nikipeana filamu kwa kila mtu anayesema ni yake, hii studio itakuwa nini?"

"Bwana Gershom, naomba." Neno hilo hakuwa amewahi kumwambia, naye Gershom alilijua, akaweka mkasi chini apate kulifaidi. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakainua vichwa.

"Unaomba?" Gershom akasema. "Si wewe uliwaambia watu wa mtaa wa Shika Adabu kwamba picha zangu zinafanana na maiti?"

"Nilisema."

"Na leo?"

"Leo naomba."

Gershom akatazama wateja wake, kuhakikisha wamesikia. Kisha akasema, "Hata hivyo umetembea bure. Filamu yenyewe imeungua. Mke wangu ameniambia zimetoka tatu tu, za mdudu fulani. Ingia nyuma, uulize Rispa."

Mwanatabu hakuelewa kwa nini aulizwe mke. Akapita pazia, akafika ua mdogo wenye mlango umeandikwa kwa chaki USIFUNGUE. Mwanamke mrefu, mweusi, mwenye aproni ya plastiki, alitoka akaufunga nyuma yake kwa ufunguo, ufunguo akautia kwenye sidiria.

"Wewe ndio mama ya hii filamu?" Rispa akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi. Nani ameisafisha?"

"Ni mimi."

"Nani mwengine ameitazama?"

"Huko ndani huwa nani mwingine?" Rispa akasema. "Gershom akinusa hiyo dawa kifua kinafunga. Tangu themanini na tatu yeye hukaa mbele na tai, mimi nakaa giza. Niliinua filamu kwa taa nikaona wamama, nywele nje, na bibi harusi. Mimi si mtu ya pwani lakini nimekaa hapa miaka kumi. Nikajua hii imepotea njia. Gershom akaita kutoka nje, 'Toa zote, mwalimu atalipa.' Nikamwambia zimeungua, imebaki mdudu. Akasema, basi toa mdudu."

Mwanatabu akauchukua mkono wa Rispa, akaugeuza kiganja juu. Ncha za vidole zilikuwa za hudhurungi.

"Likoni nzima yajua ni Gershom," akasema.

"Gershom hupokea pesa," Rispa akajibu, na wote wawili wakacheka bila sauti, mabega tu yakicheza.

Filamu ilikuwa bado imetundikwa kwa vibanio. Mwanatabu alikuwa na filamu nne za kutoa na siku ilikwisha kukatika. "Waweza kuja nami?" akauliza. "Mikono yangu miwili haitoshi, na malipo nitagawana nawe sawasawa." Rispa akavua aproni. Alimwambia mumewe anakwenda kununua dagaa. Filamu wakaiviringa ndani ya boksi la viatu, na zile karatasi tatu za mdudu zikawekwa juu yake, bado zina unyevunyevu. Dishon atazipata mkononi mwa Faki.

* * *

Walipoingia uani walimsikia Bi Mwanasaumu akicheka. Mwanatabu akasita mlangoni. Alikuwa ameamua njiani kwamba hatasema kitu. Jambo limekwisha salama, na jambo lililokwisha halifukuliwi.

"Karibu bi harusi wa pili," Bi Mwanasaumu akamwambia. "Mumeo ameniua leo. Ati ulikwenda kwa Gershom kuikomboa filamu, kisa vunjajungu amevua nguo."

Mwanatabu akamtazama mumewe. Akaona kwamba amesema kweli, na akaona kwamba haikumfaa kitu. Hakujua acheke au alie.

"Faki na maneno yake," akasema.

Na hapo ndipo Faki, aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi, akaliona boksi, na juu ya boksi ukingo wa karatasi.

"Zimetoka?" akauliza.

Hakuwa amekusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, ukaichukua picha ya juu, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto. Mdudu alikuwa mle, mweupe kwenye kivuli cha jani, mabawa yamekunjana, ameshika ngozi yake tupu mbele yake. Kila mwiba wa mguu ulionekana mara mbili, mmoja kwa mdudu na mmoja kwa ngozi. Faki alipoinua macho, Bi Mwanasaumu alikuwa amenyoosha mkono.

"Lete."

Akampa. Hakukuwa na la kufanya.

Bi Mwanasaumu aliitazama ile picha. Akaisogeza karibu, akaiweka mbali. Kicheko kilikuwa kimekwisha kuondoka usoni mwake, kimeacha mahali pake patupu.

"Basi ni kweli," akasema. "Yote. Mpaka na Mkamba."

"Ni kweli," Mwanatabu akasema. Akapiga magoti mbele ya yule mzee. "Makosa ni yangu, Bi. Nimeacha filamu yenu ndani ya kamera. Lakini nitakuapia jambo moja: halikupita jicho la mwanamume. Aliyeisafisha ni huyu."

Bi Mwanasaumu akamgeukia Rispa, aliyekuwa amesimama mlangoni na boksi lake, hajui akae au aondoke.

"Wewe ni nani?"

"Rispa. Bibi ya Gershom."

"Na Gershom alikuwa wapi?"

"Mbele, na wateja. Yeye hawezi kuingia kwa dawa, mama. Anakohoa kama gari."

"Kwa nini nikuamini? Nimekaa hapa saa nzima nacheka kweli nikidhani ni uongo. Sasa sijui hata jina langu." Akatafakari kidogo. "Njoo. Lete mkono."

Rispa akaweka boksi chini, akauleta mkono. Bi Mwanasaumu akauvuta mpaka puani, akaunusa vidole kimoja kimoja, kama anayechagua samaki. Kisha akaunyakua mkono wa Mwanatabu, akaunusa nao. Harufu ilikuwa moja, ile kali ya siki na chuma ambayo hata sabuni ya kufulia haiondoi.

"Nimemshika mkono Gershom?" akauliza. "Sikumshika, wala sitamshika. Faki, wewe humwamkia. Mikono yake yanuka nini?"

"Mafuta ya nywele," Faki akasema, na kwa mara ya tatu siku hiyo alikuwa amesema kweli.

Bi Mwanasaumu akaiachia mikono yote miwili.

"Mwanamke ni mwanamke," akasema. "Bara au pwani. Inuka, Mwanatabu, waniumiza magoti kwa kukutazama. Faki, toka nje."

Faki akatoka. Boksi likafunguliwa, filamu ikainuliwa dirishani, na Rispa akamwonyesha mzee namna ya kusoma picha iliyogeuka, nyeusi kuwa nyeupe. Bi Mwanasaumu alijiona anacheza. Akasema kumbe ubavu wa kushoto bado upo. Akamwona mjukuu wake jukwaani, akamwombea dua. Akahesabu zote thelathini na tatu kwa kidole, halafu zile tatu za mwisho.

"Hizi nizikate?" Mwanatabu akauliza.

"Usikate. Pakiwa na pengo, watu watauliza palikuwa na nini, na aliyekosekana watamtia wenyewe. Mwache mdudu akae na sisi. Yeye mwenyewe alikuwa uchi."

Kisha akaichukua picha ya karatasi, akaikagua upya, safari hii si mdudu bali nyuma yake: jani, ukuta, kona ya ua. Alitafuta unywele, kisigino, ncha ya leso iliyoanikwa. Aliporidhika kwamba hapana mwanamke yeyote pale, akamwita Faki dirishani, akampa zote tatu kupitia nondo.

"Peleka shuleni," akamwambia. "Na huyo mwalimu anayecheka, mwambie Bi Mwanasaumu amezikagua."

Faki akaondoka karibu mbio. Bi Mwanasaumu akarudi kwenye kiti, akajipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Mwanatabu, bandika chai, na huyu mgeni mtilie ya kwanza. Basi la Lamu ni la saa tisa, na nyinyi wawili mna kazi. Mimi nitawakalia hapa mlangoni, asiingie mtu."